Utepe Mlangoni, Kompyuta Maboksini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Afisa Elimu wetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi, na wewe uliyesimama nje ya uzio, upande wa bomba la maji, kwa sababu barua inasema usiingie: tunawasalimu nyote kwa heshima.

UKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa darasa la mwisho, mkondo wa kompyuta, tunakukaribisha shuleni kwetu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mheshimiwa, tumeugua kwa muda mrefu. Hii ni mara ya tatu kukuandalia mapokezi. Mara ya kwanza ulipata udhuru, mara ya pili ulipata safari. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa mpaka yamenenepa, na wimbo uliousikia sasa hivi waliutunga kaka na dada zetu, ambao wamekwisha kumaliza shule na wengine wanalea. Hatulalamiki. Mwalimu Mkuu ameipitia risala hii kwa kalamu nyekundu, na kila palipokuwa na neno "shida" ameandika "changamoto". Kwa hiyo shida hatuna.

HISTORIA YA SOMO LA KOMPYUTA

Sera ilipotangazwa, tuliambiwa kwamba kila mtoto wa shule ya umma atajua kuiandikia kompyuta maagizo, nayo iyatii. Tulifurahi kupita kiasi. Zikaja fulana. Likaja bango. Ikaja kalenda yenye picha yako ukiwa umeshika kipanya cha kompyuta, mkia wake umekuelekea wewe. Mwalimu wetu alitukataza kucheka. "Kila mtu huanzia mahali," alisema. Mwisho ukaja mtaala, kitabu kinene chenye jalada la kung'aa, na somo lake la kwanza lilisema: "Mwanafunzi awashe kompyuta." Kilichokosekana ni kompyuta tu, na hilo hatukuliona kubwa, maana wenye sera nao hawakuliona.

Mwalimu tunayemsema tunamwita Mwalimu Waya, kwa kuwa mfukoni mwake hamkosi kipande cha waya, na mkewe hulalamika kwamba kila akifua suruali lazima ajichome kidole. Alitafuta ubao, akaugongelea vizibo vya soda safu kwa safu, kila kizibo na herufi yake, iliyoandikwa kwa rangi ya kucha ya huyohuyo mkewe. Tukajifunza kuchapa juu ya vizibo mpaka vidole vikaota sugu. Mtihani wa majaribio ukauliza: "Eleza hatua za kuwasha kompyuta." Tulizieleza vizuri mno. Tukawa wa kwanza wilaya nzima kwa kuwasha kompyuta kwa kalamu, tukapewa cheti.

Hatimaye lori likaleta maboksi. Tuliyabeba wenyewe hadi chumbani, tukiimba. Kabla jasho halijakauka, Afisa Elimu akafika na utepe mwekundu, akaufunga mlangoni kwa fundo la kupendeza, akasema, "Zisiguswe mpaka zizinduliwe."

Neno hilo tulilitafuta kwenye kamusi. Kamusi inasema kuzindua ni kumrudishia fahamu mtu aliyezimia. Kumbe mashine zetu zilikuwa zimezimia, dawa yao ni mkasi, na mganga mwenye mkasi ni wewe peke yako. Basi tukaketi nje ya wodi kungoja. Kaka na dada zetu walingoja, wakafanya mtihani wao wa vitendo kwa kukumbuka vizibo, wakaanguka. Mwalimu Waya alikaa ofisini na matokeo yale mkononi, na hakufundisha siku hiyo.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu yalianza Jumatatu moja, Mwalimu Waya aliposimama mbele ya utepe kwa muda mrefu, hata Mama wa Stoo, mwenye funguo zote za shule, akamwonea huruma.

"Mwalimu, twende zetu. Mwenye utepe wake atakuja."

"Atakuja lini, mama?"

"Mimi nijue wapi? Uulize huo utepe."

"Hawa watoto nao waanguke kama wenzao?"

Mama wa Stoo akazishika funguo zake. Mwanawe wa kiume alikuwa mmoja wa walioanguka.

"Mlango wa nyuma una utepe?" Mwalimu akauliza.

"Hauna."

"Ufunguo wake unao?"

"Umeniponyoka, umeangukia hapo miguuni pako. Na mimi macho yangu siku hizi hayaoni."

Tuliingia kwa nyuma. Utepe wa mbele haukupata hata mkunjo. Mwalimu alipokata gundi ya boksi la kwanza, alitazama nyuma mara tatu. Hakuwa mwizi, ila sera yako ilimfanya atazame nyuma kama mwizi mbele ya wanafunzi wake, na jambo hilo lilituuma kuliko kungoja kote. Kisha akabonyeza kitufe, kioo kikawaka, naye akacheka kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake.

Tangu siku ile tumejifunza. Tumeandika programu inayopanga zamu za kuteka maji pale bombani, na tangu ianze kutumika hakuna mtu aliyepigwa ndoo ya kichwa. Vidole vyetu, kwa sababu ya vizibo, vilikuta herufi zote ziko mahali pake. Mheshimiwa, haya ndiyo mafanikio ya sera yako, ingawa yalipita mlango wa nyuma.

CHANGAMOTO

Afisa Elimu alikuja kukagua utepe. Aliukuta mzima, akaupangusa vumbi, akafurahi. Ndipo akasikia vidole vikichapa ndani.

"Nani amezizindua hizi?"

"Hakuna aliyezindua, mzee. Tunasoma tu," Mwalimu Waya akajibu.

"Mnasomea kitu ambacho hakijazinduliwa?"

"Mtihani uko mlangoni, mzee wangu."

"Mtihani utamsubiri Mheshimiwa."

Mheshimiwa, mtihani haukusubiri. Unaanza wiki ijayo. Mwalimu Waya amepewa barua ya kosa la "kuzindua mali ya umma bila mamlaka", inayomkataza pia kuingia shuleni, na Ijumaa hii ataitwa kwenye kikao cha kumfukuza kazi. Sisi tuliamriwa kuzirudisha mashine kwenye plastiki zake, tena kwa uangalifu, ili ukifungua zinukie upya. Somo limepewa mwalimu wa michezo. Ni mtu mwema. Kila kipindi hutusomea maana ya kipanya, kisha hututoa nje tukakimbie.

MAOMBI

Sehemu hii haina wino mwekundu kwa sababu tumeiandika asubuhi ya leo. Hapa Mwalimu Mkuu atakohoa. Tumemwekea maji.

Mheshimiwa, hotuba yako iko mbele yako. Juzi kompyuta ya ofisi ya elimu iligoma. Afisa Elimu akaja mbio na hotuba hiyo ikiwa imeandikwa kwa mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Jamani, kuna mtoto anayejua kuchapa?" Tulinyoosha mikono darasa zima. Boksi moja likafunguliwa kwa amri ya mtu yuleyule aliyeamuru lifungwe, kwa kupitia mlango uleule wa nyuma. Tukaichapa, tukazikuza herufi ili miwani isikusumbue, tukaitoa kwenye printa ya Mwalimu Mkuu. Halafu mashine ikarudishwa kwenye plastiki yake, ikazimia tena.

Ukurasa wa pili, chini kabisa, utakuta maneno haya: "Leo, kwa mara ya kwanza, watoto hawa watagusa kompyuta." Tuliyaona. Tungeweza kuyafuta kwa kidole kimoja, na wewe usingejua. Hatukugusa hata nukta, kwa kuwa Mwalimu Waya alitufundisha kwamba maneno ya mtu hayabadilishwi bila ruhusa yake. Ndiyo maana tunakuomba hadharani uyafute mwenyewe.

Ombi la pili ndilo kubwa, na ukitunyima mengine yote, hili usitunyime. Mkasi uko kwenye sinia. Utepe una ncha mbili. Kabla hujaukata, mwite ndani mtu wa kushika ncha ya pili, ili Ijumaa kikao kiseme kama ni kosa kushika utepe pamoja na Waziri. Ni yule pale bombani, mwenye shati la buluu, anayejifanya anafunga kamba za viatu. Mheshimiwa, amevaa ndara.

Mungu akupe afya, akurudishe salama, na akufupishie njia ya kuja kwetu, maana hii ya sasa imemaliza chokaa.

Ni sisi, wanafunzi wa darasa la mwisho, mkondo wa kompyuta, tuliozinduka kabla ya kuzinduliwa.