Mama Pélagie Nsimire na Majina Aliyoyaita Safarini

Mama Pélagie Nsimire alizaliwa tarehe 14 Aprili 1964 huko Kabare, karibu na Bukavu, mtoto wa tatu kati ya saba. Tangu utotoni alikuwa mwoga, wala hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, na zaidi ya yote aliogopa safari.

Alisoma shule ya msingi Kabare, kisha akajifunza ushonaji kwa masista mjini Bukavu, akahitimu mwaka 1982. Kazi hiyo ilimlisha maisha yake yote, kwanza Bukavu na baadaye ukimbizini Kisugu, ambako mabibi harusi wengi walivaa vitenge vilivyopita mikononi mwake. Tarehe 11 Agosti 1990 alifunga ndoa na Saverio Mugisho, fundi seremala, mtu wa mizaha ambaye hakuogopa kitu. Mungu aliwajalia watoto wanne: Guerschom, Nabintu, Cikuru na Marlène.

Novemba 2008 vita viliwafukuza. Walipofika Bunagana, mpakani, mvua ilikuwa inamwagika na watu walikuwa wanagombania lori. Saverio alipapasa vichwa chini ya turubai, akapiga kelele, "Batoto bane, tuko bote! Tuende!" Lori likaondoka. Walipofika Kisoro na turubai kufunuliwa, Mama Pélagie alimwona mtoto wa nne, mvulana asiyemjua.

"Huyu si wa kwetu!" alilia. "Marlène eko wapi?"

Marlène alikuwa na miaka sita. Kwa saa tatu Mama Pélagie alipiga magoti kwenye matope huku amemkumbatia mtoto wa watu. Hapo ndipo alipomwahidi Mungu kwamba akirudishiwa mwanawe, kila mwaka atawachukua watu wake wote safari moja ya kushukuru, yeye ambaye hata kuvuka barabara kulimtoa jasho. Lori lililofuata lilimleta Marlène. Alikuwa ameshikwa mkono na mama wa yule mvulana, ambaye naye alikuwa akilia vilevile.

Tangu siku hiyo hakuruhusu mtu yeyote wa nyumba yake ahesabiwe. Kabla ya safari kuanza aliita majina, mkubwa hadi mdogo, na kila mmoja alipaswa kuitika "Niko!" kwa mdomo wake mwenyewe. Kutikisa kichwa hakukutosha. Watoto walipokuwa vijana waliona aibu tupu, lakini waliitika.

Ahadi aliitimiza. Mwaka 2009 walikwenda kuhiji Namugongo kwa miguu, na aliita majina kila njia panda. Walikwenda Jinja, walikwenda Fort Portal. Novemba 2018 walipanda feri kwenda Kalangala, na katikati ya ziwa upepo mkali ukavuma. Abiria walipiga mayowe. Mama Pélagie alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili akaanza: "Saverio! Guerschom! Nabintu!" Alipomaliza, mwanamke mmoja asiyemjua akamsogelea. "Mama, ita na mimi pia. Mimi iko naogopa sana. Naitwa Acen." Akamwita. Acen akaitika, na baada yake abiria wengine wakaanza kutaja majina yao ili nao waitwe. Aliwaita wote mpaka feri ikatia nanga. Acen amekuwa dada yake tangu siku hiyo, na leo yupo hapa mazishini.

Saverio alifariki mwaka 2020. Miaka mitatu baadaye madaktari waligundua kwamba moyo wa Mama Pélagie umepanuka. Aliogopa sana, akasema wazi kwamba anaogopa, na Novemba iliyofuata bado alipanda gari kwenda kushukuru.

Safari yake ya mwisho ilikuwa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, kutoka Kisugu kwenda hospitali. Garini, pumzi ikimkatika, aliita: "Guerschom." "Niko." "Nabintu." "Niko." "Cikuru." "Niko." Kisha akanyamaza. Marlène alingoja. Hofu ya Bunagana ilimrudia yote, kama vile lori linaondoka tena. Mwishowe akaitika bila kuitwa: "Mama, niko!"

Mama Pélagie akafumbua macho. "Najua," alisema. "Weye nakushika mukono."

Na kweli, alikuwa amemshika tangu nyumbani. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, watoto wake wanne wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha watoto wanne, wajukuu watatu, na Acen. Kabla kaburi halijafunikwa, Guerschom ataita majina yao kwa mpangilio uleule. Anayeitwa aitike kwa sauti, hata kama anaogopa, ili Mama asikie kwamba hakuna aliyebaki nyuma. Akishasikia, apumzike kwa amani.