Kitambaa cha Bitana

NESI: Haloo, kliniki ya kifafa. Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Mimi, shangazi yake Kasuku. Yule mshonaji wangu, msema sana.

NESI: Aa, shangazi! Shikamoo. Mwambie huyo Kasuku dawa zake zinamngo—

SHANGAZI: Marahaba. Tumemzika jana.

NESI: Kasuku? Kasuku huyu?

SHANGAZI: Alianguka dukani, mchana kweupe, wateja wamejaa.

NESI: Jamani. Pole, shangazi. Pole sana.

SHANGAZI: Nina swali. Halo—mbona unakwaruza?

NESI: Mtandao huo. Nakusikia, sema.

SHANGAZI: Daktari kasema pumzi ilikata. Kifafa si cha kichwa? Pumzi imeingiaje?

NESI: Ubongo ndio unaoamuru pumzi. Una kemikali zake, za kuchochea na za kutuliza. Mtu akianguka, zile za kutuliza zinamwagika ili kifafa kizime. Mara chache sana zinapitiliza, zinazima na amri ya kupumua. Ndivyo wataalamu wanavyodhani, bado wanachunguza.

SHANGAZI: Kwa hiyo si nguo.

NESI: Nguo gani?

SHANGAZI: Ngoja nisogee pembeni.

NESI: Shangazi? Upo?

SHANGAZI: Akianguka tunaondoa mikasi, tunasubiri mtikisiko uishe. Kisha namfunika. Msichana mkubwa, gauni limepanda, povu mdomoni, watu wanamkodolea macho... Nilimfunika kitambaa cha bitana, gubigubi. Nikadhani kalala, kama siku zote. Nikarudi kumpima mteja kiuno.

NESI: Bitana ni nyepesi. Sidhani kama ilimziba—

SHANGAZI: Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mwanangu. Uso ungekuwa wazi, je?

NESI: Mngeona midomo inabadilika rangi.

SHANGAZI: Halafu?

NESI: Mngemlaza ubavu. Mngemtikisa, mngemwita. Kuna wanaorudi wakiguswa tu. Wengine hawarudi hata wakiwa mikononi mwetu. Kasuku angekuwa yupi, mimi sijui. Na niliwakataza kumtia kijiko mdomoni, basi. La kufunika halikunijia kabisa. Nisamehe.

SHANGAZI: Angeitika. Kasuku nimemlea, hajawahi kuitwa akanyamaza.

NESI: Shangazi, usilie... Lia tu, lia.

SHANGAZI: Unajua kinachonimaliza? Mama yake. Kila mgeni akiingia, wifi anamwambia, 'Huyu ndiye aliyemsitiri mwanangu.' Ananishukuru, nesi! Mbele za watu!

NESI: Yeye hajui?

SHANGAZI: Atajulia wapi? Jana kanishika mkono mpaka makaburini.

NESI: Basi kwa leo nyamaza. Jeraha bado bichi. Mlete hapa kliniki, nitamweleza mimi, polepole—

SHANGAZI: Huyo anakuja. Ana sahani. Yeye ndiye mfiwa, ananibembeleza mimi nile.

NESI: Shangazi, nisikilize, usi—

SHANGAZI: Salio lenyewe linaisha. Asante, mwanangu. Umenijibu.

NESI: Subiri! Nikupigie mimi—

SHANGAZI: Wifi, weka chini hiyo sahani kwanza. Njoo ukae hapa.

(Simu inakatika.)