Duka la Yasmini Limefungwa kwa Ndani

Benchi letu la Buseresere liko mbele ya duka la vipuri la Zakir, kando ya barabara ya Biharamulo, na lina sheria moja: ukikaa, toa hoja, ukikosa hoja, nunulia wenzako kahawa. Karasha, aliyepata jina hilo kwa jinsi anavyosaga kashata kama mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, hajawahi kununua hata kikombe. Jana alasiri hata yeye alitafuna polepole. Mzee Abdulwahab, anayekausha viazi na kuuza michembe, alikuja na simu mkononi, akaiweka juu ya kanzu magotini, akaitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Binti yake, Yasmini, ana duka la vyakula Marekani. Anawauzia Waafrika wenzake unga wa muhogo, dagaa, na michembe ya baba yake. Mzee akatueleza kwamba siku hizi wateja hawaonekani. Kuna watu waliofunika nyuso, wanapita na magari yasiyo na maandishi, wanabeba wageni. Muuza mikate wa jirani alibebwa mikono ikiwa bado na unga. Juzi kioo cha duka kikavunjwa, Yasmini akapigilia mbao, kwa hiyo sasa hamwoni anayebisha. Karatasi zake zote ziko sawa, mzee akasema, kisha akarudia, kana kwamba sisi ndio maofisa wa uhamiaji.

Tukaanza kumtibu kwa hoja, maana dawa nyingine hatuna.

Herman, dalali wa mchanga wa dhahabu, alisema mambo hayo aliyaona machimboni, upande wa Bulyanhulu. Uvumi ukipita kwamba askari wanakuja kufukuza wachimbaji, watu wote wanazama mashimoni, na mama ntilie anabaki peke yake na sufuria la wali. Hiyo ilikuwa na akili. Karasha akaiharibu.

— Ni dagaa. Wana mbwa wa kunusa dagaa. Akishakunusa, umekwisha.

— Yaya, bhebhe, akasema Herman. Hapana wewe, ni ndege. Zinapita juu ya mapaa, zinatafuta mvuke wa ugali. Ule mvuke ni mzito, unaonekana.

— Basi wapike wali.

— Wali nao una mvuke wake.

Mimi, mshereheshaji wa harusi, nikajitolea kumfundisha Yasmini kutembea kizungu, bure, kwa simu. Nikasimama nikaonyesha, tumbo mbele, mikono kama nimebeba ndoo mbili. Nassibu muuza kahawa akacheka hadi akamwaga.

Mzee hakucheka.

— Mwanangu analala stoo, akasema. Kati ya magunia.

Simu ikaita, naye akaweka sauti kubwa, maana masikio yake yamechoka.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mama. Mbona unanong'ona?

— Nimezima taa. Kuna gari limesimama nje tangu kulipopambazuka. Nataka wadhani hamna mtu.

Karasha akaacha kutafuna. Tukainamia simu, vichwa vyote pamoja. Herman akasema taratibu kwamba afunge tu, arudi nyumbani. Mzee akamzuia kwa kiganja: mjukuu yuko shule huko huko, nani atamfuata?

Ndipo tukasikia mbao zikigongwa, polepole, kwa adabu kabisa, na sauti ya mwanamume.

— Hodi.

Sasa, mtu wa kwetu akisikia hodi, mdomo hauombi ruhusa. Benchi zima likaitikia kwa pamoja, na mimi juu ya wote, kwa mazoea ya jukwaani:

— Karibu!

Neno likatoka Buseresere, likapita kwenye simu ya mzee, likaingia kwenye lile duka lenye giza. Hakuna aliyewahi kulirudisha neno kwenye simu. Nassibu alibaki na birika hewani.

— Baba, akasema Yasmini, chini kabisa. Amesikia.

— Sauti yake unaijua?

— Siijui. Anasema amekuja kununua michembe.

Mbao zikagongwa tena.

— Baba, nifungue?

Mzee akainua uso akatutazama mmoja mmoja, sisi mabingwa wa mbwa na ndege. Herman akaangalia viatu vyake. Karasha alikuwa na kashata mdomoni, hajui aiteme au aimeze. Mimi, niliyelipwa nusu ya maisha yangu kwa kutokosa la kusema, nikatafuta neno moja tu, nikalikosa.

— Baba. Niambie.