Watu Sitini na Mmoja

Benchi letu liko mkabala na geti la kiwanda cha nguo, limeegemea ukuta wa duka la nyuzi na vifungo. Mapumziko ya mchana ni nusu saa, na dakika kumi zinaliwa na foleni ya kukaguliwa mikoba, kwa hiyo kahawa ya muuzaji wa hapo benchini tunainywa ikiwa bado inaunguza. Siku hiyo hakuna aliyetania. Asubuhi yake Mama Pindo, mwenye miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kukunja pindo, aliitwa ofisini. Jana yake alikuwa ameandika kwenye grupu la chama chetu cha wafanyakazi kwamba mlango wa dharura wa nyuma unatiwa kufuli sisi tukiwa ndani, na moto ukizuka tutakufa kama panya. Meneja alimsomea maneno hayo kwenye karatasi, neno kwa neno, mpaka herufi aliyoikosea. Kisha akampa barua ya kuachishwa kazi.

— Hata shali yake iliyokuwa kwenye kiti hakuruhusiwa kuirudia, alisema Katibu. Huyo ni katibu wa chama, mkata vitambaa, mtu wa suruali yenye mstari. Mstari huo nauweka mimi, maana kazi yangu ni pasi.

— Grupu lile tulizike leo, alisema Kipaza, mpakiaji mizigo ambaye hata akinong'ona anasikika getini. Tuhamie programu nyingine. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tufanye sasa hivi.

— Methali hiyo inasema kinyume chake, alisema Katibu.

— Kinyume ni meneja kusoma maneno ambayo hakuandikiwa. Mie nasema tu.

Betri akageuka. Yeye si wa kiwandani, ana kibanda cha kutengeneza simu hapo ubavuni, lakini shida zetu anazijua kuliko sisi.

— Nyie programu mliichagua kwa sababu ya vikatuni vya kuchekesha. Iko moja ambayo ujumbe unafungwa kwenye simu yako, na wa kuufungua ni yule uliyemtumia tu. Hata wenye programu hawausomi.

— Bei gani? aliuliza Kipaza.

— Bure.

— Na mwenyewe anakula nini? aliuliza Katibu.

— Anachangiwa na watu.

— Kama sisi. Basi ana njaa, na mwenye njaa hununulika.

Niliuliza kama itaingia kwenye simu yangu. Betri aliipokea, akaigeuza, akaitazama kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu.

— Hii haiingii kitu. Lakini iko nyingine, nyepesi, ujumbe unajifuta wenyewe baada ya siku moja.

Katibu akaweka kikombe chini.

— Kumbukumbu za kikao zijifute? Siku ya kumtetea Mama Pindo tutaonyesha nini, hewa?

— Basi tubaki hapa hapa, alisema Kipaza, ila tuandike kwa mafumbo. Meneja tumwite Kola. Mlango tuuite Zipu. "Kola kafunga zipu." Nani ataelewa?

— Hata sisi hatutaelewa, nikasema.

Betri, kwa mawazo, alikuwa ameshapanda juu zaidi.

— Mnahangaika na programu, kumbe simu zenyewe zina masikio. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Maneno yakielea hewani, kuna aliyeunda mtambo wa kuyadaka. Lile tangi jipya juu ya paa la kiwanda, nani kati yenu kaona maji yake?

Tukainua macho kulitazama. Katibu naye alitazama, asikatae.

— Kikao kikianza, simu zote ziwekwe ndani ya sufuria, na mfuniko juu, alimalizia Betri.

— Kikao tunakifanyia kwenye simu, alisema Katibu taratibu. Simu zikiwa ndani ya sufuria, nani anaongea na nani?

Betri akanywa kahawa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Kipaza. Na mkuu asiyesikia letu, naye ana miguu.

— Acha hayo. Sauti ya Katibu ilikuwa imebadilika. Mama wa watu ana mtoto anafanya mtihani wiki hii. Nimempigia, hapokei. Kufuli liko mlangoni, wanaoning'iniza funguo kiunoni wanajulikana, na aliyeadhibiwa ni aliyelitaja. Halafu mimi nikae hapa nazungumzia tangi.

Ndipo tulipomwona dada mmoja amesimama pembeni ya benchi, futi ya kupimia shingoni, kikombe mkononi. Hatukuwa tunamfahamu.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia Katibu. Wewe ni wa wapi?

— Nimeanza kazi Jumatatu. Leo asubuhi nimehamishiwa mashine ya pindo. Aliinamisha macho. Sikuiomba, baba. Shali yake nimeikunja, nimeihifadhi.

Kipaza akasogea, akampa nafasi akae.

— Nimewasikia mkitafuta programu. Mie sijui programu. Nataka kuuliza jambo dogo tu. Kwenye grupu tuko sitini na mmoja. Wanachama ni wangapi?

— Arobaini na wanane, alijibu Katibu.

— Hao kumi na watatu ni akina nani?

Katibu alitoa simu. Akafungua orodha ya grupu.

— Wapo wastaafu wawili. Yupo mmoja ana laini mbili.

— Bado kumi. Wewe uliingiaje, dada? nikamuuliza.

— Kwa linki. Imebandikwa ukutani, kwenye korido ya vyoo.

Kila anayekwenda chooni hupita korido ile, watu wa ofisini wakiwemo. Katibu aliitazama suruali yake. Linki ile aliibandika yeye, kwa gundi ya kiwanda, na sote tulimpigia makofi kwa kurahisisha mambo.

Dada akashusha kidole kwenye orodha, akasimama kwenye namba isiyo na jina, yenye picha ya ua.

— Huyu?

Hakuna aliyemjua. Kipaza akaipiga, simu akaiweka sauti ya juu. Ikaita mara tatu.

— Ofisi ya utumishi, habari za mchana. Nani mwenzangu?

Kipaza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimwachia mwingine aongee. Katibu akaichukua ile simu.

— Mwenzako wa kwenye grupu, alisema. Tunakuuliza ulimpelekea nani maneno ya Mama Pindo.

Simu ikakatwa. Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe changu, likatoa matone mawili, basi. Kengele ya kurudi kazini ikalia na hatukuinuka. Tulikuwa tumeinamia kioo cha simu ya Katibu. Lile ua lilijitoa kwenye grupu. Kabla hatujapumua akajitoa mwingine, kisha mwingine, watu wawili ambao hatukuwa tumewapigia. Wa mwisho alikuwa na jina, na kila Ijumaa alikaa nasi kwenye benchi hili.