Mashine Mbili za Mgiriki

Mbele ya duka la Mgiriki, pale Baraka njia ya bandarini inapokutana na njia ya Fizi, kuna gogo lililokaliwa hata likang'aa. Mama Marthe huteleka birika lake la kahawa hapo tangu alfajiri, na wanywaji ni wale wale: Roger, aliyewahi kupika katika meli na kwa hiyo anaitwa Stima, na Anatole, fundi wa baiskeli, jina lake Mekano. Asubuhi ile ya Septemba, mwaka wa hamsini na saba, Casimir alikaa katikati yao kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Barazani mwa duka zilisimama mashine mbili za kulimia bustani, ndogo na kubwa. Mgiriki alimwambia achague moja, nyingine irudi na meli iliyokuwa ikipakia pamba. Mkewe, Immaculée, alikuwa amejifungua pacha na hakuweza kuinama. Chifu naye alikwisha sema: bustani ya kando ya mto Mutambala isipolimwa kabla ya mvua, itakwenda kwa mwingine. Na mawingu yalishakaa juu ya milima.

— Kamata ile nyepesi, akasema Mekano. Jana mi niliinua na mukono moya.

— Uliinua bila esanse mu tanki, akasema Stima.

— Esanse iko maji tu. Maji haina uzito.

— Ambia Mama Marthe. Yeye ndiye anabebaka maji.

Mama Marthe alichochea moto.

Casimir aliwaza majani yake. Bustani ilikuwa imejaa mizizi iliyosukana kama mkeka, na Mgiriki aliijaribu ile nyepesi katika mchanga wa ziwa, ambako hata kuku analima.

— Ikikuta mizizi, si itaruka-ruka? akauliza.

— Itaruka, Mekano akakubali. Kitu nyepesi inaruka.

— Njo maana we kamata nzito! akasema Stima. Haba na haba hujaza kibaba: kilo juu ya kilo, inashuka chini. Kwenye meli, ulishaona nanga nyepesi?

— Nanga inalima?

— Inalima chini ya ziwa. Unazani ndakala iko mingi pale Swima juu ya nini? Meli inatupa nanga, udongo unageuka, samaki banapata bustani.

— Na ile nzito ikizama mu matope? akauliza Casimir.

— Utaifunga kamba, utaita ng'ombe ya batu ba kule milimani.

— Basi ng'ombe ndiyo inalima.

— Ng'ombe inasaidia. Mugeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe.

— Mugeni ni nani?

— Mashini. Ilifika na meli. Leo iko siku ya tatu.

Wakanywa.

— Yaya Stima, mukubwa wangu, akasema Mekano, we husemi juu ya kelele. Ile kubwa inalia sana. Muhogo utaogopa, utakimbia chini. Utachimba mupaka jioni, hauupati.

— Sitapanda muhogo, akasema Casimir. Iko bustani ya bitunguu.

— Bitunguu ndio biko na woga zaidi.

Meli ikapiga honi. Casimir akasimama, akaketi tena.

Ndipo akafika Nyirakamana, mama mzima aliyeshuka kutoka milimani na siagi yake ya kuuza. Aliwaamkia wote, akapewa kahawa, akauliza kwa nini yule kijana anatoka jasho kungali asubuhi. Casimir akamweleza yote: pacha, chifu, mizizi, nyepesi, nzito.

— Mungu akulindie batoto, akasema Nyirakamana. Na nani atasukuma?

Upande ule mwanaume hukata miti na kuchoma pori. Jembe ni la mwanamke, na mwanaume aliyeonekana ameinama bustanini angetungiwa wimbo kabla hajafika nyumbani. Mashine nayo ilikuwa jambo la wanaume. Mambo hayo mawili waliyajua tangu zamani, ila walikuwa hawajawahi kuyakalisha gogo moja.

— Inajisukuma, akasema Stima.

— Iko na mishikio mibili kule nyuma, akasema Nyirakamana. Ya kushikwa na nani?

Mekano alianza kutengeneza kengele ya baiskeli ambayo haikuwa imeharibika. Honi ya pili ikalia. Mama Marthe akainamisha birika, likatoa machicha.

— Kahawa imeisha, akasema.

— Mama, akasema Casimir, jembe yako iko wapi?

— Nyuma ya nyumba. Lakini muti yake iko mufupi. Utainama.

— Nitainama.

Aliondoka na jembe begani, akashika njia kubwa, akapishana na wapagazi waliokuja kuchukua mashine zote mbili kuzirudisha melini.

— Afazali angekamata ile ndogo, akasema Mekano.

— Jembe yenyewe iko nyepesi, akasema Stima.

— Uliinua jembe siku gani?

Stima akamnyooshea Mama Marthe kikombe chake, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha.