Mzee Milovan, Jirani Asiyealika

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Milovan wa Erdington, hapa Birmingham, Mserbia, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Ndiyo, Mserbia. Najua mnajiuliza anatafuta nini kwenye kipindi chetu cha Waswahili. Aliyetuletea habari zake ni jirani yake, Bi Saleha wa Unguja, na Bi Saleha akishika simu haachii.

Milovan alizaliwa Vrbica, kijiji kidogo cha Waserbia pembezoni mwa jiji la Niš, kusini mwa Serbia. Watu wa Vrbica walikwenda mjini kufanya kazi, jioni wakarudi kwenye bustani zao za pilipili hoho. Milovan alikuja Birmingham, akaunda magari ya mizigo Washwood Heath mpaka kiwanda kikafungwa. Hoho zake hakuziacha. Kila Septemba alizichoma uani, nyekundu tele, moshi ukavuka kwa jirani.

"Anachoma nini yule?" Bi Saleha alimuuliza mwanawe Rashad, huku akichungulia kwenye pazia.

"Peppers, Mum. Just peppers."

"Hoho zote hizo za nini? Ana lake jambo."

Hivyo ndivyo alivyomwona miaka yote. Vita vya Bosnia alivitazama kwenye televisheni, Waislamu wakiuawa, na tangu hapo neno Mserbia likimfikia sikioni moyo unamruka. Milovan akimwamkia, alimjibu kwa ncha ya midomo.

Kilichomtia shaka zaidi ni Desemba. Tarehe kumi na tisa ni siku ya mtakatifu wa nyumba ya akina Milovan. Watu walimiminika, ubani ukanukia, na mlango wa mbele ukaachwa wazi kwenye baridi ile. Nani anaacha mlango wazi Desemba? Bi Saleha aliona mtego. Na kila mwaka, siku moja kabla, mzee alimkuta kwenye mapipa ya taka akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: "Kesho ni siku ya nyumba yetu." Basi. Karibu hasemi.

"Ananitambia!" Bi Saleha alimwambia Rashad. "Mtu anakutajia shughuli yake halafu hakualiki. Sasa mimi niende kudoea?"

Mnawajua watu wa Unguja. Shughuli inaalikwa nyumba kwa nyumba, na ukijipeleka mwenyewe utasemwa mpaka mwakani. Bi Saleha akanuna. Mwaka jana hata salamu akaacha kuitikia.

Jumanne iliyopita gari la wagonjwa lilikuja, likaondoka bila haraka. Bi Saleha akajitanda mtandio, akavuka. Msibani mtu haalikwi, na jirani ni jirani hata kama umemnunia. Wasikilizaji wapendwa, ndiyo mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile.

Dragana, binti wa marehemu, alimkumbatia huku analia.

"Bi Saleha, tulikukosea nini? Kila mwaka Baba alikuwekea samaki. Siku yetu inaangukia kwenye mfungo wetu wa kabla ya Krismasi, nyama hatuli, akawa anafurahi kwamba hakuna kitu mezani kitakachokukera. Mlango nao alikuachia wazi. Alisema labda unaona haya kugonga."

"Mbona basi hakunialika?"

"Vrbica siku ile haalikwi mtu. Jirani unamtajia siku, anakuja mwenyewe. Anayealikwa ni mgeni."

Bi Saleha alikaa kitako palepale.

"Nimemdhania ubaya mtu aliyenihesabu wa kwao," alituambia kwenye simu, na kilio kikamshika.

Kwa Dragana na jamaa wote, wa Erdington na wa Vrbica, tunawapa pole kutoka moyoni. Mzee Milovan anazikwa Alhamisi, na Bi Saleha atakuwepo. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama kuna nyumba mtaani kwenu mnayoichungulia kwa pazia, nendeni mkagonge wiki hii, maadamu mwenyewe bado yupo wa kuwafungulia.