Mafaili Saba Matupu ya Mama Felisita

Bi. Felisita Mayala, ambaye karibu wote tunamwita Mama Felisita, anastaafu Jumanne tarehe 30 Juni 1998, baada ya kulitumikia tawi letu la chuo kikuu hapa Bariadi kwa miaka ishirini na saba kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1971 kama mpiga taipu, wakati tawi lilikuwa vyumba vitatu na choo kimoja. Anaondoka akiwa Mtunzaji wa Chumba cha Rejea za Vita, Amani na Usalama wa Kimataifa. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara moja tu. Siku hiyo ng'ombe wa jirani walikuwa wamelala njiani na hawakutaka kuamka, naye aliandika barua ya maelezo ambayo bado ipo masijala.

Kusema kweli, wasifu huu ulipaswa kuandikwa na mtu mzima. Mimi ni msaidizi wa muda katika chumba hicho, nina miaka kumi na saba, na nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na nyumbani tunaongea Kisukuma, kwa hiyo nina lugha tatu za kunyamazia. Katibu wa chama cha wafanyakazi alinitazama kwenye kikao akasema, "Wewe binti huongei, basi andika." Nimeandika. Naomba radhi mapema kwamba ndani yake kuna kosa langu mwenyewe, maana siwezi kumsifu Mama Felisita kwa haki nikiliruka.

Chumba hiki hakikuanzishwa kwa barua ya makao makuu. Kilianza Machi 1979, siku Mzee Constantine, mkulima wa pamba kutoka Mwamanyili, alipoingia ofisi ya mpiga taipu akiwa na barua ya mwanawe aliyekuwa vitani Uganda. Barua ilitaja Masaka. Mzee alitaka kujua Masaka iko mbali kiasi gani na nyumbani kwake. Mama Felisita hakujua, na hakuona aibu kusema hajui. Alikwenda darasa la jiografia, akabandua ramani ukutani bila kumwomba mtu, akachoma mwiba wa mgunga pale Masaka na mwingine Mwamanyili, kisha akapima kwa uzi wa pamba. Wiki iliyofuata walikuja wazazi sita. Ilipofika Pasaka, ramani ilikuwa na miiba mingi hadi mwalimu wa jiografia alikata tamaa ya kuidai.

Mwana wa Mzee Constantine alirudi mwaka uliofuata, naye akaja. Wiki za mwisho za vita alikuwa hospitali, hana fahamu, na hakuna aliyekuwa amemsimulia. "Kupigana nimepigana mwenyewe, mayu," alimwambia, yaani mama. "Ninachotaka kujua ni vilikwishaje." Mama Felisita akafungua faili alimokuwa akiweka habari za vita hivyo. Habari za jinsi vita vilivyoanza zilijaa kiganja. Za jinsi vilivyokwisha ilikuwa kipande kimoja cha gazeti, tena kimechanika. Anasema aliona haya siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote kazini.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao kila aliyepita hapa anaujua. Kila vita vina mafaili mawili yaliyofungwa pamoja kwa uzi wa pamba: la kwanza la vita vyenyewe, la pili la amani yake. Huwezi kuazima moja ukaacha jingine. Sahihi yako unaiweka sehemu moja tu, ndani ya jalada la faili la amani, pamoja na tarehe, na unarudisha yote mawili baada ya siku kumi na nne. Na kama vita bado havijakwisha, faili la amani lipo vilevile, limeandikwa jina, halina hata karatasi. Utalibeba hivyohivyo tupu, utalirudisha hivyohivyo tupu. Wanachuo wengi walicheka mara ya kwanza. Mama Felisita aliwaacha wacheke, kisha akawasukumia kalamu.

Mwaka 1982 tulipewa kibao cha mlangoni. Fundi alianza kwa herufi kubwa mno, ubao ukamwishia kwenye neno "Usalama". Miezi mitatu hakuingia msomaji hata mmoja. Watu walidhani ni ofisi ya makachero, wakapita mlango ule wakitembea kwa ncha za vidole, na mfanyabiashara mmoja wa sokoni aliulizia kama anaweza kutoa taarifa zake kwa maandishi. Mama Felisita alinunua rangi mwenyewe, akapanda kwenye kiti, akaongeza neno "Kimataifa" ukutani, nje ya ubao. Mpaka leo neno hilo linaning'inia peke yake kwenye chokaa.

Mwaka 1994, mto ulipoleta maiti za Rwanda ziwani na watu wa Mwamanyili wakaacha kula samaki, hakungoja waje. Alipanda lori na ramani yake, akakaa nao siku mbili shuleni, akiwaeleza mto unatoka wapi na nini kimetokea huko juu, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Aliporudi alileta majina ya wasomaji wapya kumi na tisa. Kisha yakaja magazeti ya watu binafsi, kila wiki jipya, kila moja na vita vyake. Wengine walisema sasa habari zipo kila kona, chumba hakina kazi tena. Yeye alisema kazi ndiyo imeongezeka. Akawa anachukua magazeti mawili yanayobishana, anayabandika ubavu kwa ubavu, na kuwaacha wasomaji wagombane kwa sauti ya chini.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Januari mwaka huu makao makuu yalileta barua. Kamati ya kubana matumizi ingekuja katikati ya Februari, na chumba chochote kisichoweza kuthibitisha kwamba kina wasomaji kingefungwa. Kampuni moja ya kununua pamba ilikuwa imeshaomba kupangishwa chumba chetu kiwe ghala, na Mkuu wa Tawi, ambaye hata yeye alikuwa akibanwa kutoka juu, alikuwa ameshawapa rasimu ya mkataba waisome. Daftari letu la wasomaji la miaka kumi na mitatu lililiwa na mchwa mwaka 1992. Lililofuata lililowa kwenye mvua hizi za El Nino hadi likawa uji. Mama Felisita aliyasikia yote hayo akasema tu, "Kabla sijaondoka mimi, hakiondoki chumba."

Nilikuwa nimeanza kazi wiki tatu tu, wanachuo wako likizo, sijawahi kumwazimisha mtu faili. Niliambiwa nipange chumba kiwe safi kwa ajili ya kamati. Nilikuta mafaili saba hayana kitu ndani: Angola, Sudani, Somalia, Burundi, Kongo, Palestina, Sahara Magharibi. Kule masijala, karani wake Bwana Thomasi alikuwa analalamika hana mafaili tangu Oktoba, barua za likizo anazifunga kwa kamba za viroba. Nikaona nimepata nafasi ya kuwa na faida bila kufungua mdomo. Nikafungua nyuzi, sahihi za ndani ya majalada nikazidhani za zamani zisizo na kazi, nikamzibia majina kwa karatasi nyeupe juu ya jalada, nikampelekea yote saba. Alinishukuru sana. Nililala usingizi mzuri.

Siku mbili baadaye Mama Felisita alifika rafu ile na kukuta vita saba vimesimama peke yao. Aliniuliza kama nimeona mafaili. Nilisema sijaona. Naandika hivi mbele ya wafanyakazi wote kwa sababu yeye hajawahi kumwambia mtu. Kesho yake asubuhi, baada ya salamu ya "mwangaluka" tu, nilimwambia ukweli huku nikitazama miguu yake. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua. Alikuwa ameshajua. "Haya," alisema, "twende tukayatafute. Sahihi za watu zimo humo."

Ndipo nilipoelewa nilichokitoa. Madaftari yote mawili yalikuwa yamekufa, na ushahidi pekee kwamba watu walisoma ulikuwa ndani ya majalada. Na yaliyoazimwa kuliko yote yalikuwa yale matupu.

Masijala tulikuta matano, yamejaa barua za likizo na maombi ya mabati. Bwana Thomasi alikumbatia lile la Angola kama mtoto. "Mama, yaani unakuja kuninyang'anya utupu?"

"Utupu wangu nimeuhesabu, Thomasi. Lete."

La Somalia lilikuwa ofisini kwa Mkuu, chini ya chupa ya chai. Mpaka leo lina duara la chupa hiyo. Likabaki la Burundi. Bwana Thomasi alikuna kichwa, akakumbuka: rasimu ya mkataba wa ghala ilihitaji faili la heshima, basi akaiweka humo, na wakala wa kampuni ya pamba akaondoka nalo. Wakala alikuwa Mwandoya, anagawa dawa ya pamba kwa wakulima.

Tulikwenda Mwandoya Jumamosi ile, nyuma ya pikapu, tumekalia magunia ya mbegu. Tulikwama mara nne. Mara ya tatu Mama Felisita alishuka kusukuma, dereva akimkataza, na gari likatoka. Hakunisema njia nzima. Aliniuliza tu neno moja la Kiingereza lililomsumbua kwenye mkataba wa amani wa Msumbiji, nikamweleza, akatikisa kichwa kuridhika.

Wakala, kijana mmoja mcheshi aitwaye Hamimu, alitutazama tope hadi magotini. "Mama yangu, mmetoka Bariadi na hali hii kufuata faili bovu? Chukua hili, jipya kabisa, lina hadi klipu."

"Hilo jipya hajaliazima mtu," Mama Felisita alijibu.

Hamimu akacheka, akatoa mkataba wake, akaukandamiza chini ya betri ya gari. Kabla ya kutupatia faili akafungua jalada lile na kusoma upande wa ndani. Majina mia moja arobaini na mawili, kwa kalamu za kila rangi. Akaanza kuyasoma kwa sauti: mwalimu wake wa darasa la saba, muuguzi wa zahanati, mama mwenye duka la vitenge pale Maswa. Akaacha kucheka.

"Hawa wote waliazima nini sasa, na ndani hakuna kitu?"

"Waliazima kazi ambayo haijakwisha," alisema Mama Felisita. Hamimu alilifuta tope lile faili kwa mkono wa shati lake kabla ya kumkabidhi.

Kamati ilifika Alhamisi tarehe 19 Februari, siku tatu nyuma ya ratiba kwa sababu ya daraja. Mwenyekiti wake aliomba daftari la wasomaji. Mama Felisita akaweka mafaili ya amani mezani, yaliyojaa upande huu na yale saba upande ule, na kumwomba ahesabu mwenyewe. Walihesabu mpaka chai ikapoa. Kwenye matupu peke yake zilikuwa sahihi mia tisa na kumi na mbili. Mwenyekiti alivua miwani.

"Yaani yasiyo na kitu ndiyo yanayosomwa zaidi?"

"Ndiyo yanayorudiwa zaidi, mheshimiwa. Mtu anarudi kuangalia kama kuna karatasi imeingia."

Barua ilikuja tarehe 12 Mei. Chumba kinabaki. Kampuni ya pamba ilipewa gereji ya zamani, na Hamimu mwenyewe ndiye aliyekuja kupima mlango. Nafasi ya mtunzaji haitajazwa hadi mwakani, lakini mkataba wangu wa muda umeongezwa, ili mtu awepo wa kusukuma kalamu.

Wiki iliyopita nilikata habari gazetini: pande za Burundi zimekutana Arusha. Nilikimbia, mimi ambaye sikimbii, nikafungua faili tupu niweke karatasi ya kwanza. Mama Felisita alinishika mkono. Alisoma habari mara mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. "Wamekutana, na wamekubaliana kukutana tena," alisema. "Ni habari njema. Iweke kwenye la vita." Niliiweka kwenye la vita. Iliniuma, lakini niliiweka.

Ijumaa tarehe 26 Juni alinikabidhi funguo, ramani yenye miiba, redio na rangi ya kibao iliyobaki. Kisha akaketi upande wa wasomaji, mahali ambapo sijawahi kumwona ameketi. Miaka kumi na minane ya utaratibu wake, hajawahi kuazima chochote. Aliomba Burundi. Nikaleta yote mawili yamefungwa kwa uzi, nikamsukumia kalamu. Akaandika jina lake chini ya majina mia moja arobaini na mawili, na tarehe.

Mama Felisita, wafanyakazi na wanachuo wote wa tawi la Bariadi tunakushukuru kwa miaka ishirini na saba. Kwa upande wangu, asante kwa safari ya Mwandoya na kwa kutonisema. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi shambani kwako, na wajukuu wenye maswali magumu. Pumzika vizuri, lakini usisahau utaratibu ni wako mwenyewe: siku kumi na nne zinaisha Ijumaa tarehe 10 Julai. Chumba kitakuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi, nami nitakuwepo mezani.